Chombo na Mwenye Chombo

Kumiliki kitu ni mambo mawili. La kwanza ni kuwa nacho mkononi, na la pili ni kuweza kukitumikisha. Mwenye shamba asiyeruhusiwa kulilima ni mlinzi wa shamba, si mkulima. Na mwenye ngalawa asiyeweza kugeuza tanga lake ni abiria katika chombo chake mwenyewe. Watu wengi hulijali jambo la kwanza na kulisahau la pili, kwa sababu la kwanza lina stakabadhi, na stakabadhi hupendeza macho. Lakini stakabadhi haijapata kulima shamba, wala haijapata kuvusha mtu maji.

Zamani mambo haya mawili yalikwenda pamoja. Aliyenunua jembe alinunua pamoja nalo siri yake yote, kwa kuwa jembe halikuwa na siri. Mpini ukivunjika, mwenyewe alikata mti akachonga mwingine. Baiskeli ikikatika mnyororo, hata mtoto aliweza kuinama akaona ulipokatika. Vyombo vya zama zetu ni vya namna nyingine. Vina mwili na vina akili. Mwili ni vyuma, vioo, nyaya na plastiki, na huo huonekana. Akili ni maandishi ya amri yaitwayo programu, na hayo hayaonekani. Kwa hiyo kumezuka duniani kifo cha aina mpya. Chombo huweza kuwa kizima cha mwili, hakina kutu wala ufa, kikawa hakifai kwa kazi yoyote kwa sababu akili yake imeachwa na yule aliyeitengeneza. Habari nitakayoieleza ni ya chombo kimoja cha namna hiyo, nacho ni skana.

Skana ni mashine isomayo karatasi na kuigeuza kuwa picha ndani ya kompyuta. Si mashine changa kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1957, huko Marekani, Russell Kirsch na wenzake katika Ofisi ya Taifa ya Vipimo waliunda mashine iliyosoma picha na kuitia ndani ya kompyuta. Picha aliyoichagua Kirsch ilikuwa ya mwanawe mchanga, mtoto wa miezi mitatu. Ilikuwa mraba wenye sentimita 5 kila upande, nayo ikagawanywa kuwa nukta 176 kwa 176, yaani nukta 30,976. Kwa macho ya leo picha ile ni duni, lakini picha zote tunazotumiana kwa simu zinafuata njia iliyofunguliwa siku ile.

Skana ya mezani hufanya kazi ile ile kwa wingi zaidi. Karatasi hulazwa kifudifudi juu ya kioo. Chini ya kioo hupita gari dogo lenye taa. Taa humulika mstari mmoja mwembamba wa karatasi. Penye weupe mwanga hurudi mwingi, penye wino hurudi mchache, na jicho la mashine huupima mwanga huo nukta baada ya nukta. Kisha gari husogea kiasi cha unywele, mstari wa pili ukasomwa, na wa tatu, hata karatasi ikaisha. Ukurasa wa A4 ukisomwa kwa nukta 300 katika kila inchi hutoa nukta 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu, ambazo jumla yake ni zaidi ya milioni 8 na nusu. Hakuna karani aliyepata kunakili waraka kwa uangalifu wa namna hiyo.

Haja yangu ya skana haikutoka ofisini. Ilitoka katika sanduku la bati la mama yangu. Marehemu baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Alihamishwa mara kwa mara, leo Voi, kesho Makindu, kesho kutwa Nakuru, na kutoka kila stesheni alimwandikia mama barua. Zimebaki barua 43, zilizoandikwa kati ya mwaka 1964 na mwaka 1971. Chache ni za wino wa buluu. Nyingi ni za penseli, juu ya karatasi nyembamba ambazo mikunjo yake imekuwa milaini kama kitambaa kikuukuu. Kila zinapokunjuliwa hupoteza kitu kidogo.

Mama amezeeka, na macho yake yamefika mahali ambapo miwani haiongezi neno. Alijaribu kioo cha kukuzia, lakini mkono wake hutetemeka, na herufi zikawa zinaruka mbele yake kama samaki katika wavu. Nilimwambia, “Mama, niruhusu nikusomee.” Akanitazama kwa upole, akasema, “Mwanangu, nakushukuru. Lakini barua ya mume kwa mkewe haisomwi na mtoto wao.” Nikajibu, “Naam, mama,” nikanyamaza, maana neno lake lilikuwa la haki. Mtu anaponyimwa macho hanyimwi pamoja nayo siri zake.

Basi ilitakiwa njia ya kuzikuza herufi zile ili azisome mwenyewe. Alinipa bahasha moja tupu nijaribu kwa simu. Simu ilichukua anwani pamoja na kivuli cha mkono wangu. Mkunjo wa karatasi ukaipinda mistari, na penseli iliyopauka ikapotea kabisa. Skana haina aibu hizo. Huilaza karatasi sawasawa, huimulika kwa mwanga mmoja toka juu hata chini, na huipima. Herufi yenye urefu wa milimita 2, ikisomwa kwa nukta 600 katika kila inchi, hupata nukta zipatazo 47. Na katika kioo cha kompyuta chenye nukta 96 kwa inchi, nukta hizo husimama kwa urefu wa zaidi ya milimita 12. Herufi ya ukubwa huo mama huiona. Tena lilikuwapo jambo jingine lililonipendeza zaidi ya hesabu: skana husoma karatasi iliyolazwa kifudifudi. Mama angeweza kuziweka barua zake kwa mkono wake, maandishi yakitazama chini, na mimi nikisimama kando nisione hata neno moja.

Mashine yenyewe ilipatikana kwa binamu yangu, ambaye alikuwa amelifunga duka lake la kutoa nakala. Ilikuwa imekaa juu ya kabati ndani ya kasha lake la kwanza, pamoja na waya wake na kisahani cha programu kilichouzwa nayo. Kioo kilikuwa safi, na taa ilikuwa nzima. Tuliiunganisha kwanza na kompyuta ya jirani, yenye mfumo wa biashara wa toleo jipya, nao mfumo ule haukuitambua. Tulipotafuta sababu tuliikuta imeandikwa wazi: mtengenezaji hakutoa programu ya skana ile kwa mifumo mipya, wala hakukusudia kuitoa. Mashine ilikuwa hai. Iliyokufa ilikuwa ahadi.

Kompyuta yangu hutumia mfumo endeshi huria, nao ni Linux. Mfumo endeshi ni programu kuu ikaayo kati ya mtu na mashine, ikigawa kazi, kumbukumbu na ruhusa. Huitwa huria kwa sababu maandishi yake hayakufichwa: kila mtu ana haki ya kuyasoma, kuyabadili, na kumpa mwenzake. Jambo hili lina historia, nayo yahusiana na mashine za ofisini kama hii yangu. Karibu na mwaka 1980, Richard Stallman, mtunga programu katika maabara ya chuo cha MIT huko Marekani, alisumbuliwa na mashine ya kuchapa iliyokwama karatasi mara kwa mara. Mashine ya kabla yake alikuwa ameirekebisha programu yake, ikawa yawapasha watu habari inapokwama. Programu ya mashine hii mpya ilikuwa imefichwa. Na alipomwendea mtu aliyekuwa na maandishi yake, alinyimwa, kwa kuwa mtu yule alikuwa ameahidi kutomwonyesha yeyote. Mwaka 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU wa kutunga mfumo mzima usiofichwa, na mwaka 1989 ikatolewa leseni ya kuulinda uhuru huo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa kiini cha mfumo kilichoitwa Linux, na mwaka 1992 akakiweka chini ya leseni ile. Simu za Android zilizo mifukoni mwa watu wengi wa Kenya zina kiini hicho ndani yake. Kumbe kukwama kwa karatasi kunaweza kuamsha fikira kubwa.

Katika mifumo hii huria, kazi ya kuzungumza na skana imebebwa na mradi uitwao SANE. Jina lake ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yasemayo kwamba kuifikia skana sasa ni rahisi. Na mtu aliyekesha usiku kucha mbele ya skana huweza kutabasamu alisomapo. Lakini utaratibu wake ni wa hekima. Umeigawa kazi pande mbili. Upande wa mbele huzungumza na mtu, ukimpa vitufe na picha. Upande wa nyuma huzungumza na mashine, kila ukoo wa skana ukiwa na mkalimani wake. Kama ingekuwa kila programu ya mbele ijifunze lugha ya kila skana, programu kumi na skana mia moja zingetaka tafsiri elfu moja. Kwa mpango huu, programu zote hujifunza lugha moja ya pamoja, na kila skana hutafsiriwa mara moja tu.

Wakalimani hao waliandikwa na watu walioenea duniani kote, wengi wao bila mshahara wa kazi hiyo. Watengenezaji wengine wa skana walitoa maelezo ya mashine zao, wengine hawakutoa. Panaponyimwa maelezo, wajuzi hutega sikio katika waya wenyewe: huinasa amri kila moja inayopita kutoka kompyuta hadi skana, huilinganisha na tendo lililofuata, na kidogo kidogo huijua lugha ambayo hakuna aliyewafundisha. Kisha huandika orodha ya skana zote wanazozijua, na kila moja hupewa daraja lake: iliyokamilika, iliyo nzuri, ifanyayo kazi ya msingi, ifanyayo kidogo, isiyojaribiwa, na isiyowezekana. Naipenda orodha hiyo kwa ukweli wake. Muuzaji hukuambia bidhaa yake yafaa. Hawa hukuambia yafaa kwa kiasi gani.

Skana ya binamu yangu ilikuwamo katika orodha, katika daraja nzuri. Hata hivyo nilipoiunganisha, programu ya mbele ilisema hakuna skana iliyopatikana. Hapa ndipo penye somo lenyewe, nami nitalieleza kwa utaratibu, kwa kuwa njia ya kutafuta kosa ni mali ya kila mtu, hata asiyekusudia kushika skana maishani mwake.

Chombo kisipofanya kazi, mtu mwenye haraka husema, “Kimeharibika.” Neno hilo halina faida, maana halimwelekezi mahali popote. Kati ya karatasi na picha kuna mnyororo wa viungo, na kosa haliko katika mnyororo wote. Liko katika kiungo kimoja, au viwili. Kazi ni kuvigusa kimoja kimoja, kuanzia kilicho karibu na ardhi. Kwa hiyo nilianza na mwili. Skana nyingi za mezani zina kufuli chini yake, la kulifunga gari la taa lisigongwegongwe njiani wakati wa kusafirishwa. Niliigeuza mashine nikalikuta kufuli limefungwa, nikalifungua. Kufuli dogo kama hilo limepeleka mashine nyingi nzima jalalani.

Kiungo cha pili ni waya na kiini cha mfumo. Ipo amri iitwayo lsusb, inayoorodhesha kila kitu kilichounganishwa kwa waya wa USB. Kila kifaa cha namna hiyo hujitambulisha kwa namba mbili, ya kwanza ya ukoo wa mtengenezaji, ya pili ya mtindo wenyewe. Nilipotoa amri hiyo, namba za skana zilitokea. Maana yake ilikuwa kubwa: waya ulikuwa mzima, umeme ulifika, na kiini cha mfumo kiliiona mashine. Nusu ya hofu yangu iliondoka kwa mstari mmoja wa maandishi.

Kiungo cha tatu ni mkalimani. Amri iitwayo sane-find-scanner ilisema ipo skana katika waya. Amri ya pili, scanimage, ilipotakiwa kuzitaja skana zilizo tayari kwa kazi, ilijibu kwamba hakuna hata moja. Amri mbili zilipingana, na katika kupingana kwao ndimo ulimokuwa mwanga. Nilitoa amri ile ile ya pili kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa kompyuta, nayo ikaitaja skana mara moja kwa jina lake. Basi ugonjwa haukuwa wa kutojua bali wa kutoruhusiwa. Mfumo wa Linux ni kama mji wenye mwenye funguo mmoja na wakazi wengi. Mkazi wa kawaida hagusi mlango ambao hakupewa ufunguo wake. Utaratibu huu ni mzuri, kwa kuwa humzuia mgeni na programu mbaya kuharibu mji. Dawa yake si kuishi daima kwa jina la mwenye funguo, kama wafanyavyo wavivu, bali ni kumpa mkazi ufunguo mmoja anaouhitaji. Niliandika kanuni fupi yenye zile namba mbili za skana, isemayo kwamba kundi fulani la watumiaji laweza kuitumia. Nikajiingiza katika kundi hilo, nikatoka katika mfumo na kuingia upya, kwa sababu ukundi husomwa mtu anapoingia. Sasa skana ilionekana kwa jina langu la kawaida.

Ilionekana, lakini haikusoma. Ikabaki kiungo cha nne, na hiki ndicho kilichonifikirisha sana. Skana za ukoo ule hazihifadhi akili yao yote ndani yao. Kila zinapowashwa huwa kama mtu aliyeamka bila kumbukumbu, na kompyuta hulazimika kuzipelekea programu ndogo ya ndani kabla hazijaweza kusogeza hata gari la taa. Zikizimwa, husahau tena. Programu hiyo ndogo ni mali ya mtengenezaji, na watu wa mradi huria hawana ruhusa ya kuigawa. Wameandika mkalimani, wameandika maelezo, wametaja hata jina la faili linalotakiwa. Lakini faili lenyewe mtu hana budi kulitoa katika kisahani alichouziwa. Nyumba nzima ilijengwa kwa hiari ya watu, ikabaki na chumba kimoja ambacho ufunguo wake umo mfukoni mwa mwingine.

Ndipo nilipojua thamani ya kisahani kile kilichokaa ndani ya kasha. Nilimwazima mwalimu mwenzangu kifaa cha kusomea visahani, nikakuta faili limefungwa ndani ya kifurushi kilichobanwa. Nikakifungua kifurushi kwa programu huria ya kazi hiyo, nikalitoa faili, dogo kuliko picha moja ya simu, nikaliweka katika folda iliyotajwa. Jina lake lilihitaji kuwa sawa herufi kwa herufi, maana katika Linux herufi kubwa na herufi ndogo si kitu kimoja. Nilipotoa amri ya kusoma, taa iliwaka, ikangoja kidogo ipate joto, kisha gari likaanza kwenda chini ya kioo kwa sauti ndogo ya mvumo. Nilikuwa nimelaza juu yake ukurasa wa gazeti. Ukurasa ule ukatokea katika kompyuta, na habari zake za bei ya mahindi zikanipendeza kuliko shairi.

Jumamosi iliyofuata mama alikaa mbele ya mashine. Nilimwonyesha vitufe vitatu tu: cha kusoma, cha kukuza, na cha kwenda ukurasa wa mbele. Aliziweka barua mwenyewe, moja baada ya moja, kifudifudi, na kioo cha kompyuta kilimwelekea yeye. Mimi nilikaa mlangoni nikimenya viazi. Kazi ilichukua Jumamosi mbili. Mara kwa mara nilimsikia akicheka peke yake, na mara moja alinyamaza muda mrefu nikaogopa kuuliza. Hatimaye alisema, “Baba yako alikuwa haandiki vizuri herufi ya kaf ya Kiarabu, ila hakuacha kujaribu kutia salamu.” Hilo ndilo neno pekee la barua zile nililopata kulijua, nami naona lanitosha.

Wapo watakaosema kwamba taabu hii yote haikuwa na haja. Kwamba saa nilizozitumia zina thamani, na skana mpya hununuliwa dukani. Hoja yao si ya kudharauliwa. Saa ni mali, na mtu mwenye kazi nyingi huweza kuhesabu akaona kununua ni nafuu. Tena maendeleo yamekuja upande huo pia: skana nyingi mpya hufuata lugha za pamoja zinazojulikana, zikasoma kupitia mtandao wa nyumbani bila kuhitaji mkalimani wa peke yake, na katika Linux huanza kazi mara zinapowashwa. Sitamwambia mtu yeyote atese nafsi yake kwa ajili ya mashine kuukuu kana kwamba mateso yana thawabu.

Lakini hesabu yao imeacha vitu viwili nje. Kwanza, imeiacha ile skana ya zamani. Isipofanya kazi haipotei. Huenda mahali fulani, na mahali hapo ni jalala la mtu fulani, ambapo plastiki na madini yake hukaa miaka mingi. Pili, imeyaacha maarifa. Anayenunua kingine kila anaponyimwa hajifunzi kwa nini amenyimwa, na kwa hiyo atanyimwa tena kwa njia ile ile. Mimi sikupata skana tu. Nilipata kujua kwamba mwili, waya, mkalimani, ruhusa na akili ya ndani ni mambo mbalimbali, na kwamba kila moja laweza kuulizwa swali lake peke yake. Wiki chache baadaye mashine ya kuchapa ya shule yetu ilipogoma, niliiuliza maswali hayo hayo kwa mpango huo huo, nayo ikajibu kabla ya chai ya saa nne.

Liko pia deni. Mtu aliyemwandika mkalimani wa skana yangu hanijui, wala hajui kwamba kuna mama mzee aliyezisoma barua za mumewe kwa kazi ya mikono yake. Labda alikuwa na skana kama ile mezani pake, akachoshwa na kimya chake, akaamua kuutafuta msemo wake. Na alipoupata hakuufungia sandukuni. Wema wa namna hii hauna sura ya kushukuriwa. Hulipwa kwa kupitishwa mbele. Kwa hiyo niliandika kurasa mbili za Kiswahili chepesi, nikaeleza kila hatua niliyoifuata na kila amri niliyoitoa, nikaziweka ndani ya kasha la skana pamoja na kisahani. Atakayeirithi mashine ile hataanzia gizani.

Nawe msomaji, utamiliki vyombo vingi katika maisha yako, na vingi vitakuwa na akili zisizoonekana. Usiridhike na kuuliza bei yake na rangi yake. Uliza pia akili yake iko kwa nani, na siku mwenye nayo akiichoka, wewe utabaki na nini. Hifadhi visahani, vitabu vya maelezo na namba za vyombo vyako, maana hivyo ni sehemu ya chombo kama mpini ulivyo sehemu ya jembe. Chombo kikikataa, usiseme upesi kwamba kimekufa. Gusa viungo vyake kimoja kimoja, na uamini jibu la kila kiungo kuliko hasira yako. Na ukigundua jambo, liandike mahali ambapo mwingine ataliona. Stakabadhi humpa mtu kitu mara moja, siku ya kununua. Kukijua kitu hicho humpa mwenyewe kila siku anapokishika.